Aliyewasemea Maadui wa Angani

Kabla picha haijaanza, Stanslaus alipanda juu ya kreti la soda kando ya pazia jeupe, akakohoa, kisha akauliza ukumbi mzima, "Wagalu mko wapi?"

Upande wa kushoto ukanguruma.

"Na Wagika?"

Upande wa kulia ukajibu kwa miluzi na kugonga mabenchi.

"Wagalu, leo nimewapa steringi. Wagika, ninyi ni watu wa adui."

Wagika wakashangilia mpaka vumbi likadondoka darini, kwa sababu hapa mjini Shinyanga, miaka ile ya sitini kuelekea sabini, kila aliyeingia sinema ya mzee Rajabali alijua kwamba Stanslaus akikuweka upande wa adui amekuweka kwenye maneno matamu.

Picha zilikuwa za Kiingereza, na waliokuja kuzitazama walikuwa wakulima wa pamba na wachunga ng'ombe ambao hata Kiswahili walikisemea sokoni tu. Rajabali alikuwa amemtoa Stanslaus kwenye kinu cha pamba kwa sababu ya sauti yake. Shule alikuwa ameishia darasa la nne. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Ijumaa asubuhi alioneshwa picha peke yake, akashika neno hapa na neno pale, na mengine yote akayatunga. Akitafsiri alichanganya Kiswahili na Kisukuma, na hakuna aliyewahi kudai arudishiwe fedha yake.

Alipenda picha za angani kuliko zote, na ndani ya picha za angani alipenda maadui. Steringi alimchosha. Steringi alikuwa na meno meupe, bastola yenye mwanga, na msichana wa kumwokoa. Zaidi ya hapo hakuwa na jambo. Adui alikuwa na safari nyuma yake. Kulikuwa na daktari aliyeutoa ubongo wake mwenyewe akauweka ndani ya chupa ili aendelee kufikiri baada ya mwili kuoza. Kulikuwa na malkia wa viumbe kama siafu, aliyekuja kuchukua maji ya dunia kwa sababu mwezi wao ulikuwa umekauka. Malkia yule Stanslaus alimpa maneno haya: "Nimepita visima vyote vya kwetu nikakuta mavumbi. Ninyi mnaogea maji. Mnayamwaga. Kisha mnaniita mwizi!" Watu waliokuwa wametoka kuzika ng'ombe wa ukame waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Ana haki, mama huyu. Mpeni hata ndoo mbili."

Lakini aliyependwa kuliko wote alikuwa mfalme wa nyota iliyozimika, mtu mrefu, kimya, mwenye macho mekundu yaliyowaka gizani. Stanslaus alimpa jina la sifa, Macho-Makaa. Siku moja Thobias, mchimbaji wa almasi kutoka Mwadui, Mgika kufa na kupona, alikolea kiasi kwamba alitembea mpaka mbele akamwekea Macho-Makaa jogoo hai chini ya pazia, kama mtu anavyomtuza mchezaji wa ngoma aliyemkuna. Jogoo akaruka, kivuli chake kikawa kikubwa kuliko chombo cha angani.

"Stanslaus!" Rajabali alipiga kelele toka mlangoni. "Kuku gani iko ndani ya sinema yangu?"

"Ni zawadi ya mfalme, mzee."

"Mfalme iko ndani ya picha! Nani atakula kuku?"

"Mimi msemaji wake," alisema Stanslaus, na ukumbi ukavunjika mbavu.

Wasioelewa walidhani ni mchezo wa washamba. Wala hawakujua ulitoka wapi. Baba yake Stanslaus alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, upande wa Wagalu. Baada ya mavuno, Wagalu na Wagika, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, walicheza uwanja mmoja, saa ileile, kila kundi na manju wake, na watazamaji walikimbilia kule kulikowakuna. Wenye watu wengi ndio walioshinda. Manju wawili walitukanana kwa nyimbo mpaka mama zao wakaguswa, kisha jioni wakanywa pombe chungu kimoja. Manju wa Wagika alipokufa, baba yake Stanslaus alivua njuga akakaa msimu mzima bila kucheza. Watu walipomsihi, alijibu, "Sasa nitamtukana nani?"

Hayo yamekwisha. Watoto wa siku hizi wanadhani mpinzani ni mtu wa kumalizwa. Zamani mpinzani alikuwa mtu wa kutunzwa, maana bila yeye uwanja ni mbuga tupu. Stanslaus hakuyasema hayo kwa watu. Aliyaweka katika vinywa vya wafalme wa angani, na watu wakayapokea bila kujua wanafundishwa.

Miaka ya themanini ilipoingia, picha mpya hazikuja tena. Fedha za kigeni hakuna, walisema. Ikarudiwa ileile mpaka mkanda ukawa na mikwaruzo kama mvua, kisha taa ya mashine ikaungua na taa nyingine haikupatikana nchi nzima. Rajabali alikuwa amekwisha kufa. Mwanawe Nazir alimkabidhi Stanslaus kreti lake la soda kama kumbukumbu, akaujaza ukumbi marobota ya pamba, na mwaka uliofuata akahama na familia yake.

Ndipo Limi, dada yake Stanslaus, alipomwita Nyarugusu.

Limi alikuwa mjane, mkubwa kwake kwa umri wa kutosha kuwa amembeba mgongoni. Alikuwa na genge huko machimboni, akiwapikia ugali na maharage vijana wa maduara, yale mashimo ya dhahabu wanayoyachimba kwa sururu na kamba. Miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni mbichi na mavi ya ng'ombe ilikuwa imeyageuza macho yake kuwa mekundu, yakitoa machozi hata akicheka. Mama zetu wote walikuwa na macho hayo. Ilikuwa ni alama ya mwanamke aliyelisha watu.

"Kuna kijana ameleta video," alimwambia mdogo wake. "Onesmo. Ana jenereta. Anatafuta mtu wa kusema. Nimemwambia kusema ndiyo kazi yetu."

Ukumbi wa Onesmo ulikuwa wa miti na maturubai, mweusi mchana kutwa, na runinga ndogo juu ya pipa. Katika kaseti zake alikuwamo Macho-Makaa. Stanslaus alimtambua mara moja, akafurahi kama mtu aliyekutana na rafiki wa jeshini. Alipanda juu ya pipa jingine akauliza Wagalu wako wapi.

Hakuna aliyejibu. Walikuwa Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Wakurya, watu wa kila mahali, na hata Wasukuma wenyewe walikuwa vijana wasiowahi kuona njuga. Alipoanza kumsemea mfalme, kwamba jua la kwao limezimika na amezika watoto wake kwenye barafu, mmoja akapiga yowe, "Mzee, unamhurumia nani? Tuoneshe anavyokufa!"

Baada ya picha Onesmo alimwita pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara, jambo ambalo mara nyingi huzaa matunda yaleyale.

"Mzee wangu, hawa wametoka shimoni. Wanataka kumjua mbaya ni nani, basi. Sema ni mchawi. Neno moja, wote wanaelewa."

"Si mchawi. Ana sababu yake."

"Sababu haijazi benchi."

"Basi sema wewe," alisema Stanslaus, na Onesmo akasema. Kuanzia siku hiyo Onesmo ndiye aliyesimama kando ya runinga, na Macho-Makaa akawa mchawi aliyekuja kunyonya damu ya wachimbaji na kuficha dhahabu. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa mapajani kwa wenzao. Katika yote aliyoyatunga Stanslaus lilibaki jina hilo tu, kwa sababu lilikuwa tamu mdomoni.

Kwenye genge la Limi vijana walianza utani, wakimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Macho-Makaa! Leo umekula wangapi?"

"Wewe ni wa kesho," alijibu Limi, akimpakulia. "Una nyama kidogo, nakunenepesha kwanza." Wakacheka wote, naye akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Kisha duara la Mageni likaporomoka. Vijana wawili walifia chini. Mageni, mwenye duara, mtu aliyekula kwa Limi kila siku na kumwita mama, alikwenda kwa mganga. Mganga alimwambia adui yake ni mtu anayemlisha, na ana moto machoni. Mganga yule naye alikuwa mteja wa Onesmo.

Genge likawa tupu. Sahani ya mwisho aliyoipakua Limi ilimwagwa mbele yake, na aliyeimwaga hakucheka. Wakati huo katika vijiji vya jirani vikongwe walikuwa wakikutwa wamekatwa mapanga, na kosa lao ni macho mekundu. Stanslaus alimsihi dada yake waondoke.

"Niondoke nimefanya nini?" Limi aliuliza. "Nikiondoka watasema kweli. Hawa nimewauguza malaria mmoja mmoja. Wewe una maneno, mdogo wangu. Waambie."

Stanslaus alikwenda kwa Onesmo akaomba Jumapili moja mchana, picha ileile, asimame yeye. Onesmo akasema, "Jaribu, mzee. Mimi sijataka yafike huku."

Jumapili ukumbi ulijaa. Stanslaus alipanda juu ya pipa. Aliwaeleza yale ambayo hakuwahi kulazimika kuyaeleza maishani mwake: kwamba kwa wazee wetu mchezo una pande mbili, na upande wa adui nao una watu wake; akawaomba wagawane, wa steringi kushoto, wa mfalme kulia, kwa siku moja tu, kwa kufurahi. Alitania. Aliimba hata matusi ya baba yake.

Wote wakaenda kushoto. Walibanana kule mpaka miti ya ukumbi ikalia, na mabenchi ya kulia yakabaki wazi.

Hapo turubai la mlangoni likainuliwa, akaingia Limi. Hakuwahi kuona sinema katika maisha yake. Alitaka kumwona huyo anayefananishwa naye. Aliona nafasi tele upande wa kulia, akaenda kukaa, akaweka mikono magotini kama mtu aliye kanisani.

Stanslaus angeweza kumwita atoke. Badala yake aliianza picha, akasema kama ambavyo hakuwahi kusema. Alimpa mfalme njaa, akampa uzee, akampa mikono iliyoungua kwa kupikia watu wasiomshukuru. Alimfanya aulize, "Nani kati yenu hakula kwangu?" Kule Shinyanga ukumbi ungelia. Huku ulikuwa umekaa kimya, na kimya kile hakikuwa cha kusikiliza. Hawakuwa wakitazama runinga. Walimtazama Limi, mwanga wa picha ukimcheza machoni, mekundu, yenye maji.

Limi ndiye pekee aliyekuwa akitazama picha. Mara moja alicheka, peke yake.

Mfalme alipoteketezwa kwa moto, mwishoni, upande wa kushoto walisimama wakapiga makofi, nyuso zao zikiwa zimeelekea kulia.

Nje jua lilikuwa bado kali. Mageni aliwafuata hadi kwenye genge, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Lori la Geita linaondoka kabla ya giza, mama." Aliinamisha uso. "Usilikose."

"Mageni, nimekufanya nini?"

"Sijasema umenifanya kitu. Nimesema lori."

Limi alitaka kukusanya sufuria zake. Mageni akatikisa kichwa, na Stanslaus akamshika dada yake mkono. Walipanda juu ya magunia bila mzigo. Watu aliowalisha miaka yote walisimama kandokando ya njia, wengine wakainua mkono nusu, wakaushusha.

Njiani Limi hakulia, ila macho yake yalitoa maji kama kawaida, na utingo wa lori, kijana asiyewajua, akahama akakaa upande mwingine wa magunia.

Hapa mjini Shinyanga Limi aliishi kwa mdogo wake miaka michache, katika chumba cha uani. Hakupika tena. Watu wakija alifunika uso kwa khanga na kuitikia shikamoo zao akiwa ndani ya nguo. Watoto wa nyumba ile walikua bila kuijua sura yake, na alipofariki waliomwosha walishangaa kwamba alikuwa mwanamke mzuri. Stanslaus hakusimama tena kando ya picha yoyote. Vijana wa video walimfuata mara kwa mara, wakimwambia amebarikiwa sauti. Aliwajibu kwamba sauti imekwisha, na kweli alikuwa akiongea kwa taabu.

Thobias, ambaye naye alikimbilia dhahabu almasi ilipopungua, ndiye aliyeleta habari za Nyarugusu. Duara la Mageni liliporomoka tena mwaka uliofuata, Limi akiwa mbali. Sufuria zake alizichukua binti mmoja aitwaye Zipora, mchapakazi, mcheshi, anayeanza kupuliza moto kabla ya jogoo, kwa kuni zilezile mbichi. Wachimbaji wanampenda sana. Wanamwita mama, ingawa bado mdogo, na kwa sasa macho yake ni meupe.