Siku Notburga Alipogeuka Nyuma

Asubuhi ile Notburga aliamka kabla ya ng'ombe, kama kawaida yake. Akafungua mlango, akachota theluji kiganjani, akaifinya, akaiachia. Haikushikana. Akarudi ndani kumkaangia mumewe viazi. Vinzenz akala, hakuuliza kitu. Miaka yote mke ndiye aliyeisoma theluji. Yeye alibeba mzigo.

Ilikuwa siku ya kupeleka mshumaa kwenye kanisa dogo la malishoni, huko juu. Tangu enzi za babu, mshumaa ule hubebwa na nyumba yao. Wakavaa mbao za kutelezea, wakazifunga ngozi kwa chini zisirudi nyuma, wakapanda na majirani. Zacharias, mdogo wake Vinzenz, alitangulia akiimba.

Chini ya mteremko wa mwisho Notburga akasimama. Upepo wa usiku ulikuwa umerundika theluji upande ule. Akatoa koleo, akaanza kuchimba.

"Shemeji, unatafuta maji?" Zacharias akauliza. Watu wakacheka.

Notburga aliendelea kuchimba. Alikata nguzo ya theluji, akaigonga kwa kiganja, taratibu. Mara ya pili tu sehemu ya juu ikachomoka nzima, ikateleza kama sahani. Chini yake zikamwagika chembe kavu kama sukari.

"Hapa hatupiti. Ya juu imelalia sukari. Mtu mmoja anatosha kuiangusha yote."

"Na alama zile za mbao mteremkoni huzioni? Wenzetu wamepita tangu alfajiri!"

"Wao wamepita. Wewe bado."

"Basi nipeni mshumaa. Wewe rudi ukakamue ng'ombe."

"Usiende, Zacharias. Nakuomba."

Macho yote yakamgeukia Vinzenz, maana mshumaa ulikuwa kwenye mkoba wake. Akautoa, akampa mdogo wake. Kisha akamfuata mkewe kurudi chini. Si kwamba alimwamini. Magoti yalikuwa yanamtetemeka, akaona heri lawama zimwangukie mwanamke.

Mteremko haukuporomoka. Si siku ile, wala baadaye.

Jioni, kilabuni, Zacharias aligonga meza kwa kiganja. "Bia ikiteleza, jamani, turudi nyumbani!" Kilabu kizima kikaangua kicheko. Vinzenz naye akacheka, tena kuwashinda wote. Alipoinua uso, Notburga alikuwa mlangoni, ameshika glavu alizozisahau mumewe.

Walirudi nyumbani pamoja. Notburga alianika zile ngozi karibu na jiko, akapakua supu. Vinzenz alikaa akikitazama kijiko. Alitaka kumwambia habari ya magoti. Badala yake akausogeza mkate.

Kesho yake Notburga alianguka zizini, ndoo ikiwa mkononi. Moyo, daktari alisema. Mazishini watu walimsifu Vinzenz kwa kusimama na mkewe siku ile. Aliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi tu.

Hajamwambia mtu alichosema mkewe mezani usiku ule, kabla hajashika kijiko chake:

"Umecheka nao, nimekusikia. Lakini kule juu ulinifuata mimi. Kula, mzee, supu inapoa."