Anayeitikia Kwenye Podikasti ya Mama Sponji

Ukimletea Mama Sponji kochi, hakai juu yake. Analipiga goti katikati, anafumba macho na kusikiliza. Kisha anakwambia nyumbani kwako nani hulikalia, hupenda upande gani, na kama ni mzito wa mwili au wa mawazo. "Sponji ina kumbukumbu," husema. "Mtu akikaa pale pale miaka yote, siku akiondoka shimo lake linabaki."

Mimi hupita kwake karibu kila asubuhi, maana miguu ya kizee usipoitembeza inagoma. Karakana yake iko mwisho wa mtaa wa mafundi, ukishawapita wachomeleaji na yule mnoa visu. Ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mabati, na nyuma yake kuna stoo iliyojaa vipande vya sponji hadi darini. Nje ya mlango pana kiti ambacho mwenyewe alikileta akapotea, na hapo ndipo ninapokaa. Marehemu mumewe alikuwa rafiki yangu, kwa hiyo mimi namwita shemeji, naye ananiita shemeji, na utani wetu hauna mpaka.

Huyo mumewe tulimwita Bwana Kimya. Mke alikuwa akifungua mlango na mdomo kwa pamoja, akafunga vyote jioni. Mume hasemi kitu. Sijui Mungu aliwapangaje wawili wale, lakini kazini walikuwa kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kufunika kochi refu ni kazi ya watu wawili: mmoja hushika kitambaa upande wa mbali, mwingine huvuta upande wa huku na kugonga misumari. Mama Sponji anasema, "Shika." Bwana Kimya anakohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu, halafu anasema, "Nimeshika." Hapo ndipo mke anavuta. Wakimaliza, "Achia," naye anaachia. Ziko siku nilizoshinda pale asubuhi hadi jioni nisimsikie akisema neno lingine.

Alipofariki, wateja walipungua. Watu walidhani fundi ndiye aliyezikwa, na kwamba mke alikuwa msaidizi tu. Wengine wakahamia kwenye maduka ya makochi mapya, yale yanayong'aa dukani na kubonyea nyumbani. Binti yake, anayefanya kazi za kompyuta huko mjini kati, akaja na shauri alilokwisha kulikata.

"Mama, funga. Njoo ukae kwangu, chumba kipo."

"Nikae nifanye nini? Nihesabu maua ya pazia?"

"Upumzike."

"Nani amekwambia nimechoka?"

Walibishana mpaka mnoa visu akazima mashine yake apate kusikia vizuri. Mwisho wakakubaliana hivi: binti atamfundisha mama yake kutengeneza podikasti ya biashara, kama wafanyavyo wenye biashara wengi siku hizi. Shule zikifungwa na karakana haijarudi kujitegemea, Mama Sponji atafunga na kuhama bila kununa. Alikubali. Lakini nilimwona alivyoishika ile nyundo baada ya binti kuondoka, kama mtu aliyesikia kuna mwizi mtaani. Nje ya karakana ile hakuwa na mahali ambapo mikono yake ilijua la kufanya.

Podikasti, kwa asiyejua kama nilivyokuwa mimi, ni mfano wa redio, ila unajirekodi mwenyewe, na msikilizaji anakufungua kwenye simu yake saa anayotaka. Binti alimpa masharti. Jina lieleweke mara moja, ndipo wakaiita Kochi Lako. Kipindi kitoke kila Alhamisi, kwa sababu msikilizaji akishakuzoea siku yako usimwangushe. Usijisifu wala kutaja bei. Fundisha watu kitu, wakishakuamini watakutafuta wenyewe. Mwishoni useme karakana ilipo na uwaombe watume maswali.

Halafu ikaja habari ya chumba. Ili sauti isirudi rudi, alisema binti, inatakiwa mahali palipozibwa. Akafungua stoo ya sponji, akapiga makofi mara moja ndani, akacheka kwa furaha. "Mama, watu wanatafuta chumba kama hiki hawapati."

Niliingia humo mara moja tu. Ukivuta mlango, mtaa wote unakufa, hata wachomeleaji huwasikii. Ukisema neno linatoka mdomoni na kuishia hapo hapo, kama kuna mtu amelidaka. Nikatoka, nikarudi kwenye kiti changu juani.

Kipindi cha kwanza Mama Sponji aliongea kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Binti alisikiliza akashika kichwa. "Mama, unapumua saa ngapi?"

"Unanifungia na sponji unataka nitulie? Mimi nimezoea kuongea nikiwa kazini."

Basi akawa anaingia na kazi yake. Anaegemeza simu juu ya stuli, anafunika kiti huku anaeleza. Alifundisha namna ya kuijua springi iliyovunjika kwa mlio wake. Alieleza kwa nini kochi lisiwekwe dirishani. Alitaja vitu alivyowahi kuvikuta ndani ya makochi ya watu: vitana, vifungo, na meno ya bandia ambayo mwenyewe aliyakana katakata mbele ya mkewe, huku anaongea kibogoyo. Watu wakacheka, wakatumiana vipindi. Wasikilizaji wakaanza kuongezeka.

Na jumbe zikaanza kuingia. Mmoja aliandika, "Hongereni sana, wewe na mzee." Mwingine, "Napenda huyo mzee anavyokuitikia." Mwingine akashauri mzee atafutiwe dawa ya kikohozi.

Mama Sponji alinisomea hizo mlangoni, miwani ikiwa puani.

"Shemeji, umeanza kuniingilia stoo?"

"Stoo ile? Hata ungenibeba mgongoni nisingeingia."

Tukafungua kipindi kwenye simu yangu, tukainamisha vichwa. Sauti yake ikasema, "Sasa hapa nataka kitambaa kilale bila mkunjo. Shika." Kimya. Kisha mvuto wa kitambaa, na nyundo.

"Umesikia kitu?" akaniuliza.

"Sijasikia."

"Wala mimi."

Kweli sikusikia sauti. Kilichonishika ni ule ukimya, urefu wake. Ulitosha kikohozi na neno moja, basi. Nikamwambia, "Shemeji, unajua kwamba bado unasema shika?"

"Nasema?"

"Kila upande wa kiti. Unasema, unasubiri, ndipo unavuta."

Akavua miwani. "Namwambia nani?"

Nikajifanya naangalia mtaa.

Binti alisema ni kelele za simu, watu wanajisikilizia tu. Akaingiza kipindi kwenye kompyuta, akazikata zile nafasi zote za kimya, maneno yakafuatana bila mwanya. Alhamisi hiyo jumbe zilikuwa nyingi kuliko siku zote. Mzee yuko wapi? Anaumwa? Mama, mbona leo umefanya kazi peke yako? Na mmoja, sijui ni wa wapi, aliandika hivi: "Leo nimemsikia kwa mbali, kama amefungiwa nje anaomba kuingia."

Binti aliposoma hiyo, aliilaza simu kifudifudi mezani. Wiki iliyofuata hakukata kitu.

Wateja wakaanza kuja. Walileta viti na stuli, wakasimama mlangoni, na macho yao yakampita Mama Sponji kwenda kule nyuma, stoo. "Mzee hajambo?" Naye anajibu, "Kazi inaendelea." Wengine waliacha kiti nje wakaondoka upesi. Hata mnoa visu alisogeza mashine yake hatua kadhaa.

"Mama, sina ugomvi na mtu," alisema bila kumtazama. "Lakini mumeo kaburini nilimshusha mimi, kwa mikono hii. Na mke wangu anamsikia kila Alhamisi akiwa anapika."

"Umwambie mkeo asiunguze," alijibu Mama Sponji. Lakini jioni ile alifunga karakana mapema.

Hata hivyo stuli na viti vya jikoni haviwezi kuiinua karakana. Shule zikafungwa. Binti akaja asubuhi na gari na maboksi matupu, akaanza kupanga mikasi na mabunda ya uzi, na mama yake akawa anavipangua kwa kisingizio cha kuvipanga vizuri. Ndipo lori dogo likasimama mlangoni, akashuka mama mmoja nadhifu, meneja wa ukumbi wa mikutano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nakusikiliza kila Alhamisi. Ukumbi wetu unafanyiwa matengenezo, mabenchi yote yanahitaji kufunikwa upya. Ni marefu, fundi mmoja hayawezi. Ndiyo maana nimekuja kwenu, mko wawili." Akachungulia nyuma. "Mzee yuko wapi nimsalimie?"

Niliona macho ya Mama Sponji yalivyowaka. Kazi ile ingeweka mlango wazi muda mrefu tu. Binti naye aliona, akadakia, "Baba ametoka ki—"

"Nyamaza," alisema mama yake. Akamgeukia mgeni. "Mume wangu amefariki. Nafanya kazi peke yangu."

Meneja alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka. "Alhamisi iliyopita nimemsikia kwa masikio yangu."

"Wengi wanamsikia. Mimi simsikii."

Mgeni aliuzungusha mkanda wa mkoba wake. "Mama, nisikudanganye," alisema mwishoni. "Nimekuja na benchi moja la mfano. Lifunike nione. Ukiliweza peke yako, kazi ni yako. Usipoliweza, itabidi nitafute wengine."

Dereva wa meneja na binti wakaliingiza. Lilikuwa refu, likatoka mlangoni likafika karibu na stoo. Binti akakimbilia upande wa pili. "Mama, nakushikia huku."

"Toka hapo. Nimesema niko peke yangu, basi waone mtu peke yake."

Sasa, fundi anayefanya kazi peke yake anagonga kwanza upande wa mbali, halafu anarudi upande wa huku na kuvuta. Anayejifunza kazi leo anaelewa hilo. Lakini Mama Sponji alijifunzia kazi mkononi mwa mumewe, na mikono yake ilikwenda kule ilikozoea. Alitandaza kitambaa, akatia misumari mdomoni, akainama upande wa huku. Upande wa mbali kitambaa kilining'inia tu, hakina msumari hata mmoja. Nikataka kumpigia kelele, shemeji, umesahau! Akaniwahi.

"Shika," akasema.

Hewa ya mle ndani ikawa kama ya stoo. Wachomeleaji, ambao muda huo walikuwa wakigonga bati, sikuwasikia tena. Kisha, kule mwisho wa benchi, mtu akakohoa kidogo, kwa aibu.

"Nimeshika."

Binti alikuwa ameegemea ukuta, viganja viwili mdomoni. Meneja aliukumbatia mkoba wake. Dereva nadhani alikuwa keshafika kwenye gari.

Mama Sponji akavuta kwa mwili wote. Kitambaa kisichoshikwa kingemfuata kifuani, angeanguka chali. Hakikumfuata. Kikakaza juu ya benchi kama ngozi ya ngoma, na kule mbali ukingo wake ukasimama hewani, umejikunja mahali pawili, kama vile kitambaa kinavyojikunja kikibanwa na vidole. Akagonga misumari upande wa huku bila kuinua kichwa. Akazunguka, akagonga upande wa pili. Mkono wake ulipokaribia ile mikunjo aliupitisha kando kidogo, kama unavyompisha mtu uliyezoea kubanana naye kazini.

"Achia."

Mikunjo ikafunguka, kitambaa kikalala.

Ndipo akatutazama. "Vipi? Mbona mmekauka?"

Meneja alisogea, akapitisha kiganja juu ya benchi hadi katikati. Zaidi ya hapo hakwenda. "Mnaweza kuanza lini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jumatatu. Yaleteni kwa mafungu, nafasi yangu finyu."

Meneja aliondoka bila hata kuaga vizuri. Binti aliitoa mikasi kwenye boksi, akairudisha kwenye misumari yake ukutani, kisha akatoa uzi, bunda baada ya bunda.

"Nyuso zenu nimeziona," alisema Mama Sponji. "Mmemsikia."

"Tumemsikia, shemeji."

"Amesemaje?"

"Amesema, nimeshika."

Akautazama ule mwisho wa benchi kwa muda mrefu, macho yamelowa. Halafu akapandisha hasira, hasira ya mke kabisa. "Miaka yote nimemwambia huyu mtu aongee kwa sauti! Wageni wote wanamsikia mpaka majikoni mwao, na mimi mkewe nisimsikie?"

Akainamisha kichwa, akatega sikio, akangoja.

Kikohozi kikaja tena, karibu kabisa na bega lake. Mimi na binti tulikisikia, tukatazamana. Yeye alikuwa bado anangoja.