Kitanda Kilichoziba Mlango wa Babu Yako

Nakumbuka siku ile lori lililopeleka ndizi Mbeya liliporudi na kitanda changu. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha kama kawaida yake, nami nimekaa juu ya mzigo, nimekikumbatia kioo cha kichwani kwake kisije kikavunjika. Futi sita kwa sita, na kichwa chake kilikaribia dari. Mwanangu, unaoa mwezi ujao na umeniuliza ununue kitanda cha namna gani. Umesikia kwamba babu yako alikufa kwa kidonda. Habari ya kitanda hujaisikia, kwa sababu mimi niliificha.

Miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara, wewe hukuiona. Sisi tuliozoea foleni ya sabuni na godoro la kibali, ghafla maduka yakajaa, na akili zikaturuka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama yako nimemwoa juzijuzi, tuna nyumba ya tofali za kuchoma hapa Kawetele. Nilitaka walimu wenzangu wajue ninalala wapi. Hebu fikiri upumbavu huo. Nani anakuja kukagua chumbani kwa mtu?

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Kidogo kilitazamana na jiko. Kikubwa kilikuwa na mlango wake wa nje, na mlango huo aliuomba babu yako tulipokuwa tunajenga. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtu na baba mkwe wake hawatazamani usoni, hawapishani hata njiani. Babu yako alikuwa mzee wa kanisa, lakini hilo hakuliacha. Alitaka siku akija kutoka kijijini kwake Ikuti aingie na kutoka bila kumsumbua mama yako.

Kitanda kikagoma kuingia chumba kidogo, maana sikuwa nimepima chochote. Nikakipeleka chumba kikubwa, na ukuta pekee uliokitosha ulikuwa ule wenye mlango wa nje. Nikaupigilia misumari mlango, nikaegemeza kichwa cha kitanda hapo. Mama yako akauliza Tata, ndivyo tulivyomwita babu yako, atapita wapi. Nikamjibu kwamba Tata ana nyumba yake.

Mwaka haukuisha, babu yako akaja anachechemea. Jembe lilimkata mguu, na hospitali ya hapa karibu walitaka kidonda kisafishwe kila siku kwa mwezi mzima. Kwenda na kurudi Ikuti asingeweza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wake, akausukuma, akausukuma tena. Mimi nilikuwa ndani, namsikia.

Nikamlaza chumba kidogo. Kila alipotaka kutoka alikohoa kwanza, na mama yako akaacha chungu motoni, akakimbilia migombani kwenye mvua, wewe ukiwa tumboni miezi sita. Siku ya tatu akaniambia, "Toa hicho kitanda. Tutalala hata chini." Nikasema kimeunganishwa kwa gundi humohumo chumbani, hakitoki bila kuvunjwa, asubiri shule zifungwe nitafute fundi.

Naamini babu yako alisikia. Asubuhi nilimkuta amefunga kifurushi chake.

"Gwe mwanangu, siwezi kumfukuza mtoto wa watu jikoni kwake," alisema. "Nakwenda kwangu."

"Ngoja, Tata. Nitakitoa."

"Ukishakitoa, niite."

Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Wiki ile sikukitoa, wala iliyofuata. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, ndivyo nilivyojidanganya. Tulipomfuata Ikuti mguu ulikuwa umeoza na homa imemzidi, hatutambui. Alifia hospitalini, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwangu.

Kabla ya kumpeleka Ikuti kuzikwa, ilibidi mwili upumzike kwangu, na watu walihitaji chumba kile kikubwa. Nikachukua shoka. Mama yako alikuwa ndiyo kwanza ameinjika ndizi za waombolezaji. Hazijaiva, kitanda kilikuwa nje vipandevipande, misumari imeng'olewa, mlango uko wazi. Muda wa chungu kimoja cha ndizi, mwanangu. Huo ndio muda niliomnyima baba yangu. Tukampitisha pale, mlangoni kwake.

Basi usianze na duka. Anza na nyumba yako, na watu watakaokuja kwako wakiwa wagonjwa au wamechoka, ujue watalala wapi na watapita wapi. Pima chumba, pima na mlango. Nunua kitanda cha kufunga kwa nati, ili siku ukihitaji nafasi ukifungue kwa spana. Kisiwe kirefu cha kumshinda mzee kupanda. Wenzako hawataingia chumbani kwako, kwa hiyo usinunue kwa ajili yao, na kioo kitundike ukutani kama watu wengine. Mkeo akikuambia kitoe, kitoe siku hiyohiyo, usisubiri likizo wala fundi.

Mkeo na mimi tutasalimiana, siku hizi watu hawakimbiani tena. Lakini nami nazeeka, na nikija kwako napenda nikute mlango unafunguka. Mungu abariki ndoa yenu na kila atakayelala chini ya paa lenu. Akupe wewe usingizi mtulivu, kwa sababu mimi wangu niliupoteza kwenye kitanda cha futi sita.