Mwisho Sasa au Baadaye

Ukitaka kugombana na wifi yangu Beatha, mwambie unasoma kitabu ambacho hujakimaliza. Atakuambia palepale nani anakufa. Mara ya kwanza aliponiazima riwaya, nilikuwa ndiyo kwanza nimefika pale binti anapotoroka kwao, Beatha akapita na ndoo yake ya maji akasema, "Huyo anapatikana, ila mchumba wake anafia njiani." Nilimrudishia kitabu chake, na sikuongea naye mpaka Jumapili.

Tabia hiyo ana sababu nayo. Beatha alifundisha shule ya msingi hapa Lushoto mpaka akastaafu, kisha akaligeuza banda la kuku la marehemu kaka yangu kuwa chumba cha vitabu. Kila likizo ya Juni, baridi inapobana na ukungu unapogoma kuinuka, wazazi humletea watoto wao, hasa wale wenye usonji, ambao kwingine wanaambiwa hawana adabu. Haulizi mtoto yuko darasa la ngapi. Anauliza, "Anapenda nini mpaka mmechoka kumsikia?" Anayependa injini anapewa kitabu cha mafundi wa treni, hata kama kiliandikiwa watu wazima. Anayependa nyuki anapewa cha ufugaji, chenye picha za mizinga. Na hadithi yoyote yenye kushtua haitoki bandani kabla hajaieleza yote.

"Kuna watoto ambao neno 'ghafla' linawauma kama kofi," aliwahi kuniambia. "Wakiujua mwisho wanasoma kwa amani. Wewe unayependa kushtuka, shtuka na vitabu vyako."

Mteja wake mkubwa ni Glory, binti wa miaka kumi na miwili, jirani yangu. Amelelewa na bibi yake, Bibi Yudith, kwa sababu mama yake, Loveness, anafanya kazi Dar es Salaam. Kila siku saa kumi Loveness hupiga simu, na Glory huipokea kwenye kitochi, kisimu kidogo cha vitufe anachokivaa shingoni kwa kamba. Simu hiyo ikichelewa, nyumba nzima inajua. Akiingia kwa Beatha hasalimii mtu kabla hajahakikisha kitabu cha vinyonga kiko mahali pake. Kikiwepo, anatuamkia wote shikamoo, na mbuzi akiwa mlangoni naye anapata yake.

Kabla ya kuchukua kitabu kipya, Glory huuliza mambo matatu. Nani anakufa? Kuna kelele? Wanarudi nyumbani? Beatha naye humuuliza, "Mwisho sasa au baadaye?" Glory hujibu, "Sasa." Sijawahi kumsikia akisema baadaye.

Mwaka huu, likizo ikiwa katikati, Bibi Yudith alilazwa kwa shinikizo la damu. Jumamosi alfajiri akafariki. Mwanawe wa kiume, Nikodemo, alinipigia simu sijawasha hata moto.

"Mama Shukrani, shikamoo. Mama ametutoka," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Naomba unisaidie jambo moja. Glory atashinda kwa Mwalimu Beatha kama kawaida. Mshike hukohuko mpaka jioni tutakapomleta Mama nyumbani. Asiambiwe kitu."

"Na Loveness?"

"Dada anapanda basi asubuhi hii. Tumemwambia mgonjwa amezidiwa. Nitamsubiri stendi ya Mombo, nimwambie mwenyewe. Lakini mtoto akijua, saa kumi atamwambia vilevile kwenye simu. Unamjua Glory, hajui kuficha. Dada yuko peke yake ndani ya basi, Mama Shukrani."

Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Sisi kifo hatukitangazi kwa simu. Unaambiwa njoo, mgonjwa amezidiwa, na njiani unaanza kuomba, na ukifika unakuta mikono ya kukudaka. Mpaka leo sisemi desturi hiyo ni mbaya.

Beatha alinisikiliza huku akifuta vumbi kwenye rafu. Nilipomaliza akauliza, "Na kilio kikianza?"

Nilijua anachokiogopa. Mwaka jana, sikukuu ya mavuno, spika ya kwaya ilitoa mlio mkali na Glory akatoka kanisani mbio. Tulimtafuta mchana kutwa. Alikutwa Irente, ukingoni kabisa mwa genge, pale ambapo ukitazama chini unaiona Mazinde. Hakuna aliyethubutu kumsogelea isipokuwa Bibi Yudith, aliyekaa chini mbali naye kidogo akaanza kumtajia aina za vinyonga, moja moja, mpaka akarudi mwenyewe. Safari hii anayeliliwa ni Bibi Yudith.

"Nitakaa naye," nikasema. "Kilio kikianza nitamshika."

"Umshike Glory? Hata mkono hataki kushikwa. Wifi, mimi nimemuahidi mtoto yule kwamba mwisho simfichi. Nikimficha huu, kesho atanisadiki nini?"

"Huo ni wa vitabu."

"Kwake hakuna tofauti."

Nilikasirika. Nilimwambia msiba una wenyewe na yeye si mmoja wao. Akaendelea kufuta palepale palipokwisha kung'aa.

Glory alikuja, akatazama kitabu cha vinyonga, akatuamkia. Akasoma asubuhi nzima sakafuni. Nilimletea viazi na maharage, vyangu nikaviacha vikapoa. Kila pikipiki iliyopanda kilima ilinifanya nichungulie nje. Nilikuwa nasikia watu wakipita kwenda kwa Bibi Yudith, wanawake wamefunga khanga viunoni, na nilisimama mlangoni nikiwaashiria wasiseme kitu. Mchana ulienda taratibu kwa makusudi.

Ilipokaribia saa kumi, Glory alifunga kitabu. Hakumtazama mtu.

"Bibi anarudi nyumbani?"

Nilidakia kabla Beatha hajafungua mdomo. "Anarudi leo jioni."

Wala sikudanganya, jioni mwili ungeletwa. Glory akafikiri.

"Akiwa hai?"

Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuulizwa swali kama lile. Beatha akachuchumaa, si karibu sana.

"Glory, mwisho sasa au baadaye?"

Nilimvuta gauni. Akautoa mkono wangu bila kunitazama.

"Sasa," Glory akasema.

"Bibi amefariki. Ni leo alfajiri, akiwa hospitali. Moyo wake umesimama. Hatapona na hataamka."

Nilijiweka mlangoni, maana nilijua anakimbia. Hakukimbia. Alisimama, akaanza kuvisogeza vitabu kwenye rafu ili migongo ilingane, kimoja, kingine, kingine. Alipofika mwisho wa rafu akauliza, "Kutakuwa na kelele?"

"Nyingi," Beatha akajibu. "Gari likifika na Bibi, wanawake watalia kwa sauti kubwa sana. Hawakukasirikii. Wewe utasimama jikoni kwa nyuma, na kofia yako ya sufu masikioni. Nitakuwa pale. Ukitaka kuondoka, utaniambia, tutakuja hapa."

Hapo ndipo Nikodemo alipoingia. Alikuwa anakwenda Mombo, akapitia kuhakikisha. Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akaelewa.

"Mmemwambia," alisema polepole.

Na kitochi kikaita.

Nikodemo alinyoosha mkono. "Mjomba, nipe hiyo simu. Nitaongea na mama yako mimi."

Glory akarudi nyuma mpaka rafu ikatikisika, ameikumbatia simu kwa mikono miwili. Ilikuwa inaita. Nikodemo akapiga hatua moja, na Beatha akasimama kati yao. Akasema kwa sauti ya darasani, "Usimguse." Nilimwomba Mungu chaji iishe. Glory akabonyeza kitufe. Huwa haiweki sikioni, huiwasha kwa sauti ya nje, kwa hiyo sote tulisikia muungurumo wa basi, kisha Loveness.

"Glory mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo. Mama, mwisho sasa au baadaye?"

Loveness analijua swali hilo. Kila siku saa kumi humsimulia mwanawe vitabu, na huanza nalo. Tukasikia injini tu. Nikodemo alikuwa amejishika kichwa.

"Sasa," Loveness akasema.

"Bibi amefariki leo alfajiri. Moyo umesimama. Kutakuwa na kelele za kulia, lakini hawatukasirikii. Anarudi nyumbani jioni. Hayuko hai."

Nilisubiri ukelele. Haukuja. Ilikuja pumzi ndefu, kisha sauti ya Loveness, chini kabisa.

"Asante, mwanangu. Tangu Chalinze nawapigia watu wote, na kila mmoja ananiambia nimwombe Mungu. Nilijua. Nilikuwa najua peke yangu."

Ndipo akalia. Tukasikia mwanamke mwingine ndani ya basi akimwambia, "Pole dada, lete mkono wako hapa." Glory akaishikilia simu mpaka mama yake alipomaliza, kwa sababu hajawahi kukata simu kabla hajaambiwa kwaheri.

Nikodemo alikuwa amekaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti juu, analia bila kujificha. Tangu alfajiri hakuwa amelia. Mombo alifika amechelewa, na nasikia aliyembembeleza mwenzake pale kituoni alikuwa Loveness.

Gari lilipofika jioni kilio kilipanda kama kawaida yetu, nami nililia na wenzangu, maana Bibi Yudith alikuwa mtu wangu. Nilipopata nafasi nilikwenda kuchungulia jikoni. Glory alikuwa amesimama na kofia yake ya sufu, macho ameyafumba, midomo inacheza. Alikuwa anataja vinyonga.

Baada ya maziko, Jumatatu, alikuja bandani. Akatazama kitabu chake, akatuamkia, kisha akamwambia Beatha, "Nataka kitabu ambacho bibi anafariki ukurasa wa kwanza. Nijue waliobaki wanafanya nini kurasa zote."

Beatha alipitia rafu zote, za juu na za chini. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana cha kumpa mtoto.

"Sina, Glory. Tutakitafuta."

Kwa hiyo mkinikuta Soni siku ya gulio, nimeacha karoti zangu bila mwangalizi na nimeinamia rundo la vitabu vya mitumba, nafungua ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, msinicheke. Bado sijakipata.