Safari Ambayo Kampuni Ilisema Haikuanza

Sijui kama nayaandika haya sawasawa. Mimi niliishia darasa la nane, na mambo ya bima yanataka waliosoma.

Abiria wangu alikuwa nyanya wa Rusinga, mgeni wa mwanawe hapa Homa Bay. Mwanawe ndiye aliyeniita kwa app nimpeleke Migori, kwa dada ya huyo nyanya, ambaye ni mgonjwa. Nikamshika mkono hadi kiti cha nyuma.

"Dani," nikamwita, kama Wajaluo tunavyomwita nyanya, "twende?"

"Bado. Tuombe kwanza."

Kwetu, mtu mzima akiomba hugusi simu. Lakini maombi yalikuwa marefu, na lori nililolizibia njia likaanza kupiga honi, basi nikasogeza gari polepole huku akiendelea. Nilijiambia nitabonyeza "anza safari" akisema amina. Hakufika hapo. Ng'ombe alikatiza, nikamkwepa, tukaingia mtaroni. Mimi sikuumia. Yeye alivunjika nyonga.

Daktari alisema bila upasuaji hatatembea tena. Familia haikuwa na uwezo, wala mimi. Nikawatuliza: stika ya bima iko kwenye kioo, na kampuni ya app ilituambia abiria wote wana bima.

Nikapigia kampuni.

"Bima yetu inaanza ukibonyeza, kaka. Kwetu hiyo safari haikuanza."

"Na mama amevunjika, dada."

"Pole sana. Lakini haikuanza."

Alikuwa na huruma, lazima niseme. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Nikaenda Migori kwa wakala aliyenikatia stika.

"Hii ni ya gari binafsi," akasema. "Wewe ulibeba mtu wa kulipa."

"Si ulijua mimi ni dereva wa app?"

"Nilijua. Nikakuambia kuna ya biashara. Ukacheka, ukasema hiyo ni ya matajiri."

Ni kweli, nilicheka. Wenzangu wote wana kama yangu. Sisemi hilo linanisafisha.

Nimejaribu kumtafuta mkosaji. Labda aliyesoma zaidi yangu angempata. Kampuni ilifuata sheria yake, wakala alinieleza mapema, na nyanya alikuwa anaomba tu. Ng'ombe hata mwenyewe hajulikani.

Mwanawe hakunitukana. Heri angenitukana. Aliniita ndugu tu, akasema, "Omera, wacha kuzunguka. Tunampeleka nyumbani."

Juzi nilivuka hadi Rusinga kumwona. Amelala ubavu mmoja, amekonda. Aliponisikia akafurahi.

"Dereva wangu! Nikipona utanipeleka kwa dada yangu. Na usiendeshe kama kichaa."

Nikamwangalia mwanawe. Akainamisha uso.

"Nitakupeleka, Dani," nikasema.

Mwanawe alinisindikiza mpaka barabarani.

"Hatujamwambia alichosema daktari," akasema. "Kila asubuhi anaomba tumsimamishe, ajaribu. Ukija tena, jibu hivyo hivyo."

Sijajua kama nitarudi.