Kiganja cha Mhudumu wa Afya

Mhudumu wa afya wa mtaa wetu hubisha hodi mara tatu hata mlango ukiwa wazi na wewe umesimama mbele yake. Sauti yake ni ya bawaba iliyokosa mafuta, na kipindupindu kilipoingia mtaani tuliisikia kutwa: "Wekeni dawa kwenye maji, mama zangu!" Ukimuuliza asilolijua, hajifanyi bingwa. Husema, "Hilo sijui, nitauliza," halafu huliandika kiganjani kwa kalamu, kama mwanafunzi anayeibia kwenye mtihani. Ikifika jioni mkono mzima ni maswali yetu, na mengine, Mungu anisamehe, tuliuliza ili tu tumwone akiandika.

Mama mkwe wangu hakuwa na mchezo naye. Alikuwa amesikia kwamba dawa ile inafunga uzazi, na ingawa wa kwake ulishajifunga zamani, wajukuu wanne walikuwa wakinywa maji ya mtungi wake vilevile, bila dawa. Juzi mhudumu akarudi, hodi tatu, jasho linamtoka. Akasoma kiganja: habari ya uzazi ameiuliza, ni uongo mtupu. Kisha akaendelea: "Na jana niliwaambia msubiri dakika kumi kabla ya kunywa. Nilikosea. Ni nusu saa. Mnisamehe." Tukaangua kicheko, mimi nikamwambia akanawe mkono aanze darasa upya. Mama mkwe akanyanyuka, akafunua mtungi. "Nyamazeni nyie! Mwongo gani anarudi kujishtaki mwenyewe? Mwanangu, tia dawa yako. Na hiyo nusu saa utaikaa hapa hapa, unywe wa kwanza."