Kopo la Misumari la Tata Mwepu

Naikumbuka Jumapili moja ya Lubudi, mwanangu, na kila nikisikia mashini yako ikilia pale uani naikumbuka upya. Hebu izime kidogo. Kaa hapa. Umekubali kuwajengea hangari, banda la nguzo, akina mama wanaouza mahindi kule Mutoshi, na nimeliona sanduku la visi, hizi skrubu, ulilonunua. Kabla hujasimamisha nguzo hata moja, nisikilize. Habari hii sijawahi kuisimulia humu nyumbani, maana inaniuma.

Kazi ya mbao nilifundishwa na Tata Mwepu, hapa hapa Dilala. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kunyoosha misumari. Tulikuwa tukibomoa paa za nyumba kuukuu, tunang'oa misumari, tunainyoosha mmoja mmoja kwa nyundo juu ya kipande cha reli, tunaitia katika kopo la maziwa ya unga. Miaka mitatu, mwanangu! Vidole vyeusi siku zote, wasichana wa mtaa wananicheka. Niliichukia ile misumari, sikufichi.

Tata Mwepu alipozeeka akarudi kwao Lubudi. Mimi nikapata mashini ya kukazia visi, ya kwanza katika mtaa wetu. Watu walikuwa wakisimama kuisikiliza tu. Basi nikavimba kichwa, nikajiapiza kwamba msumari sitaugusa tena.

Ndipo dada yangu mkubwa, Mama Odette, mjane mwenye watoto wanne, akaniita Lubudi nimjengee hangari. Alitaka nguzo za mikaratusi, boriti juu yake, na sakafu ya mbao huko juu ya kuwekea magunia, panya wasiyafikie. Mavuno yale ndiyo chakula cha watoto wake na ndiyo masomo yao. Nikazifunga boriti kwenye nguzo kwa visi nyeusi, zile nyembamba za kufungia dari. Zilikuwa zinang'aa vizuri, nami nilipenda zinavyong'aa.

Siku ya kumalizia, Tata Mwepu akaja na fimbo yake. Alizunguka nguzo zote. Kisha akachukua visi moja sandukuni, akaibana kwa koleo, akaigonga kwa nyundo mara moja. Tak! Kichwa kikaruka. Akatoa msumari mfukoni, akaugonga vilevile, mara mbili, mara tatu. Ukapinda tu.

"Unaona, mwana yangu?" akasema. "Musumari inapinda, unapata wakati ya kukimbia. Hii visi inakatika bila kukuambia kitu. Hizi weka kwa mabati, sababu upepo haitazitoa. Lakini kwa boriti, apana. Toa zote, upige misumari."

Majirani walikuwa wamejaa pale, na dada yangu amesimama kati yao. Nikaona aibu. Unajua nilimjibu nini mtu aliyenilea kama baba? Nilimwambia, "Tata, ile kazi yenu ya kunyoosha misumari ilishakwisha. Mi niko na mashini."

Watu wakacheka. Mzee akafuta koleo langu kwa shati lake, akanirudishia, akasema, "Sawa, mwana yangu." Akaondoka polepole. Nami, mpumbavu mie, nikacheka pamoja nao. Kesho yake nikarudi Dilala, na wiki ile ile dada yangu akapandisha magunia yake.

Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, Tata Mwepu alienda pale peke yake na nyundo na kopo lake la misumari. Boriti zilizobebwa na nguzo za mbele alizipigilia zote. Alipohamia nyuma, magunia yakiwa yameelemea juu ya kichwa chake, visi zangu zikakatika kwa pamoja. Watu waliotoka kanisani ndio waliomkuta chini ya boriti. Alikuwa ameshatutoka.

Nilifika Jumatatu kwa lori. Upande wa mbele ulikuwa bado umesimama, boriti imeshuka kidogo, misumari imepinda, lakini imeshika. Nyuma mahindi yamemwagika matopeni, na dada yangu anayaokota kwa mikono. Hakunitukana. Heri angenitukana. Mwaka ule watoto wake wawili hawakurudi darasani.

Mke wa marehemu, Mama Ruti, alinikabidhi lile kopo. Akaniambia, "Nilimuuliza, sababu ya nini unaenda saa ya misa? Akasema, bantu basinione. Mutoto ni fundi sasa, sitaki bamucheke."

Ee Mungu wangu! Mimi nilimfanya achekwe na watu mchana kweupe, na yeye akajificha ili mimi nisichekwe. Nililia mpaka wakanishika. Jeneza lake nililitengeneza mwenyewe, kwa misumari ile ile aliyoinyoosha yeye. Niliipinda mingi, nikainyoosha tena.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na uishike. Kila mbao inayobeba uzito, ichongee kwenye nguzo mahali pa kukalia, kisha uifunge kwa misumari minene au bulon, zile bolti za nati. Visi ziweke kwenye mabati, huko zinafaa kweli, na mashini yako itakuwa na kazi ya kutosha. Na mzee akikukosoa mbele ya watu, wasahau wale watu. Mwangalie yeye tu. Ukiona uchungu, unyamaze, ung'oe, uanze upya. Mimi jibu moja la kuwafurahisha majirani nimelibeba mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na mtu wa kumwomba msamaha hayupo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono yenye subira na masikio yanayosikia mapema. Wote watakaopita chini ya paa lako wapite salama, watoke salama.

Kopo lenyewe ndilo hilo, nyuma ya mlango. Misumari iliyobaki ni michache, haitoshi hangari. Ipige kwenye boriti ya kwanza, ile akina mama watakayopita chini yake wakiingia. Mashini iache hapa mpaka siku ya mabati.